Sayansi Nyumbani: Kijidudu Kisafiricho Angani na Sufuria ya Maji ya Rumonge



Barua nyingi zinazofika mezani petu huuliza mambo ya kawaida ya nyumba: namna ya kuondoa doa la mawese katika kitambaa cheupe, au namna ya kuweka unga usiingie wadudu. Juma hili tumeletewa swali lililotoka mbali kuliko yote, ingawa mwandishi wake anakaa karibu. Ni mama mmoja wa Rumonge, mji wa wavuvi na wa michikichi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura.

Mama huyo anaeleza kwamba mwanawe, aliye mwanafunzi, alisikia katika redio habari ya vijidudu vilivyowekwa nje ya chombo cha angani, mahali pasipo hewa wala maji, vikakaa huko miaka mitatu, na viliporudishwa vikaonekana vingali hai. Kijana akaileta habari hiyo nyumbani saa ile mama anapochochea makaa chini ya sufuria ya maji ya kunywa. Jirani aliyekuwapo akacheka, akasema: "Ikiwa kijidudu hakifi huko juu penye jua kali na baridi kali, kitakufaje katika sufuria yako? Weka makaa yako, mama." Tangu siku ile nyumba mbili za jirani zimeacha kuchemsha maji. Mwenye barua angali anachemsha, lakini moyo wake umeingia shaka, maana bei ya makaa haishikiki. Anauliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba vijidudu vyaweza kuishi angani na kusafiri kutoka sayari hata sayari? Na ikiwa ni kweli, kuchemsha maji kuna faida gani?

Swali hili si la mzaha. Sehemu yake ya kwanza ni elimu. Sehemu yake ya pili ni uhai wa watoto. Tutazijibu zote mbili kwa utaratibu.

HABARI YA REDIO NI YA KWELI

Kijana hakusikia vibaya. Wataalamu wa Japani waliliita jaribio lao Tanpopo, jina la ua dogo la nchi yao ambalo mbegu zake huruka na upepo. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2018 waliweka vijidudu vilivyokaushwa nje ya Kituo cha Anga cha Kimataifa, kinachoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Kati ya vijidudu hivyo kulikuwa na bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans. Vilivyotandazwa kwa utando mwembamba sana vilikufa. Lakini vilivyoshindiliwa pamoja kuwa kidonge chenye unene wa nusu milimita au zaidi vilibakiza walio hai hata baada ya miaka mitatu. Wale wa nje walikufa, na mizoga yao ikawa kama ukuta uliowakinga wa ndani.

Bakteria huyo ana historia inayohusu jikoni. Aligunduliwa mwaka 1956 huko Oregon, Marekani, wakati wataalamu walipokuwa wakijaribu kuhifadhi nyama ya makopo kwa kuipiga mionzi mikali. Walidhani hakuna kilichosalia hai ndani ya kopo; hata hivyo nyama ikaoza. Walipochunguza wakamkuta yeye, amestahimili mionzi ambayo ingemwua mtu mara nyingi.

Kabla ya Wajapani, Wamarekani nao walikuwa wamefanya jaribio refu zaidi. Mwaka 1984 walipeleka angani chombo kikubwa kilichobeba, pamoja na mambo mengine, mbegu kavu za bakteria ziitwazo spora. Chombo kilirudishwa mwaka 1990, yaani baada ya miaka karibu sita. Spora zilizoachwa wazi mbele ya jua ziliangamia takriban zote. Zile zilizofunikwa zisipigwe na jua zilisalia hai kwa wingi.

Basi jambo la kwanza limethibitika: wapo vijidudu vinavyoweza kukaa angani kwa miaka kadhaa bila kufa, mradi vikauke na vijifiche jua.

SOMO LA NDAGALA

Msomaji wa Rumonge hana haja ya kwenda mbali ili aelewe jambo hili. Na atazame ndagala walioanikwa ufukoni asubuhi, baada ya wavuvi kurudi na taa zao. Ndagala aliyekauka vizuri hukaa miezi bila kuoza. Je, ni kwa sababu vijidudu vyote vimekufa juani? La hasha. Vingine vimekufa kweli, lakini vingine vimelala tu kwa kukosa maji. Mvua ikinyesha juu ya ndagala waliokwisha kukauka, ikawalowesha, vijidudu huamka na samaki huharibika upesi.

Anga nayo ni kichanja kikubwa cha kuanikia. Hakuna hewa wala unyevu, na kijidudu kinachojua kulala hulala. Adui yake mkubwa huko si baridi bali ni jua lenyewe, hasa ile mionzi isiyoonekana kwa macho iitwayo urujuanimno. Hapa duniani sehemu kubwa ya mionzi hiyo huzuiwa na tabaka la ozoni lililo juu yetu. Angani hakuna pazia hilo.

Tukumbuke pia kwamba kulala si kuishi kwa maana ya kula, kukua na kuzaa. Hakuna kijidudu hata kimoja kilichozaliana katika utupu wa anga. Aliyesema "wanaishi angani" angesema kwa usahihi zaidi kwamba "hawajafa bado."

MAWE YASAFIRIYO

Je, vyaweza kutoka sayari moja hata nyingine? Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1871, mwaka ule ule ambao Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji na wote wawili wakapanda chombo kuja kutazama ncha ya kaskazini ya ziwa letu, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza aitwaye William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alihutubia wenzake mjini Edinburgh. Alisema huenda mbegu za uhai zilifika duniani zikiwa ndani ya mawe yaangukayo kutoka angani. Wengi walimcheka.

Leo hawacheki tena kuhusu mawe, ingawa kuhusu uhai bado wanasubiri ushahidi. Mwaka 1962, karibu na kijiji cha Zagami huko Katsina, Nigeria, mkulima mmoja alikuwa shambani kwake akifukuza kunguru wasile mahindi. Mara ukasikika mshindo, na jiwe la kilo 18 likatumbukia ardhini hatua chache tu kutoka alipokuwa. Baadaye ilibainika kwamba jiwe lile lilitoka katika sayari ya Mirihi. Walijuaje? Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani viitwavyo Viking vilitua Mirihi na kuipima hewa yake. Na hewa kidogo iliyonaswa ndani ya mawe ya aina hii ilipopimwa, ikaonekana kufanana na hewa ile.

Kwa hiyo mawe husafiri kweli. Kimondo kikubwa huipiga sayari, nacho hurusha vipande vyake hadi nje ya nguvu ya mvutano wake. Lakini kijidudu kitakachopanda jiwe hilo lazima kipite milango mitatu. Mlango wa kwanza ni mshindo wa kurushwa. Wa pili ni safari yenyewe. Wa tatu ni moto wa kuingia katika hewa ya sayari nyingine, ambako jiwe huyeyuka kwa nje, ingawa ndani huweza kubaki baridi.

Mlango wa pili ndio mgumu kuliko yote. Jiwe la Zagami lilizunguka angani kwa miaka karibu milioni 3 kabla ya kutufikia. Majaribio tuliyoyataja ni ya miaka mitatu na ya miaka sita. Kati ya 6 na 3,000,000 pana pengo ambalo hakuna aliyeweza kulivuka kwa ushahidi. Yapo mawe machache yanayoweza kufika upesi zaidi, na kwa hiyo wataalamu hawasemi kwamba haiwezekani. Wanachosema ni hiki: njia ipo, msafiri hajaonekana. Hadi leo hakuna kiumbe hai hata kimoja kilichothibitishwa kutoka nje ya dunia hii.

Tena, hofu kubwa ya mataifa ni kwamba sisi ndio tutakaowapelekea wengine vijidudu vyetu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 kuhusu anga unazitaka nchi zijihadhari zisichafue sayari nyingine. Ndiyo maana Viking vilipikwa katika tanuri, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 110 za Sentigredi kwa saa nyingi, kabla ya kurushwa.

MWAKA 1992

Sasa tuirudie sufuria. Mwaka 1992 unatupatia mizani nzuri.

Tarehe 14 Agosti mwaka huo mvua ya mawe ya angani iliangukia mji wa Mbale, Uganda. Kipande kidogo cha gramu chache kiligonga majani ya mgomba, kikapunguza kasi, kisha kikamwangukia mvulana kichwani. Mvulana hakuumia. Habari hiyo inasimuliwa duniani hadi leo, kwa kuwa ni nadra mno mtu kuguswa na jiwe la angani.

Miezi michache kabla ya hapo, Rumonge ilikuwa na msiba usiosimuliwa sana. Kipindupindu, ambacho kilikuwa kimefika katika eneo hili kwa mara ya kwanza mwaka 1978, kilirudi Burundi baada ya kimya cha miaka 14. Hakikuenea nchi nzima. Kilishika watu wa kando ya Ziwa Tanganyika na wa kando ya Mto Rusizi. Wataalamu waliochunguza mlipuko wa Rumonge, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1997 katika jarida la tiba la Lancet, waliwalinganisha waliougua na wasiougua. Waligundua kwamba kuoga ziwani na kunywa maji ya ziwa ndiko kulikohusiana na ugonjwa. Walipoyapima maji ya ziwa wakati wa mlipuko, walikikuta kijidudu chenyewe. Walipoyapima baada ya mlipuko kwisha, hawakukiona.

Tazama basi, mpenzi msomaji, nani msafiri wa kweli. Wimbi la saba la kipindupindu lilianza Indonesia mwaka 1961, likagusa Afrika Magharibi mwaka 1970, likafika kwetu mwaka 1978. Halikuhitaji jiwe wala moto. Lilisafiri tumboni mwa binadamu, kwa meli, kwa gari na kwa mtumbwi, likashukia penye choo kibovu na maji yasiyotunzwa. Kijidudu cha Mirihi hatujakiona. Hiki cha kwetu tumekwisha kukizikia watu.

Na maji ya Tanganyika ni maangavu. Mtu huona mchanga chini, akasema: maji haya ni safi. Jicho halioni kijidudu.

JE, SUFURIA YAWEZA?

Kosa la jirani ni kudhani kwamba vijidudu vyote ni ukoo mmoja wenye tabia moja. Ni sawa na kusema: kwa kuwa mukeke huishi ndani ya maji, basi kuku naye akitupwa ziwani ataishi.

Mfano uko mbele ya macho yetu. Ng'ambo ya Rumonge, upande wa Kongo, iko rasi ya Ubwari. Mwaka 1987 wataalamu walikuta katika pwani ile ya magharibi, huko Banza na huko Pemba ya Kongo, chemchemi za moto zinazotoka chini ya maji ya ziwa. Nyingine zilifika nyuzi 103. Penye chemchemi hizo kuna vijidudu vinavyopenda joto kali, vinavyoishi bila oksijeni na kutumia chumvi za salfa badala yake. Kwa vijidudu hivyo maji ya moto ni nyumbani. Lakini mwili wa binadamu, wenye joto la nyuzi 37, kwao ni baridi isiyokalika. Havituletei maradhi.

Kijidudu cha kipindupindu ni kinyume chake. Kimezoea tumbo letu. Hakina spora ya kujifungia. Kikianikwa juani penye ukavu hufa upesi. Joto la nyuzi 70 hukiua kwa muda mfupi, na ndivyo ilivyo kwa vijidudu vya homa ya matumbo na vya kuhara damu. Kando ya ziwa letu, ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Basi sufuria ya mama wa Rumonge ina joto la kutosha na la ziada.

Hata yule shujaa wa angani, Deinococcus, hana madhara kwa mtu. Na kustahimili mionzi si kustahimili maji yachemkayo.

Ni haki, hata hivyo, kueleza kile ambacho sufuria haikiwezi. Spora za aina fulani hustahimili kuchemshwa. Za pepopunda ni mojawapo. Lakini hizo huleta maradhi kwa kupitia kidonda, si kwa kunywewa. Nyingine hukaa katika mchele. Wali ukipikwa jioni na kuachwa sufuriani hadi kesho yake katika joto la pwani ya ziwa, spora huamka, huzaana na kutoa sumu. Na sumu hiyo haiondoki kwa kuupasha wali moto. Kwa hiyo pika wali wa kutosha mlo mmoja, au uuweke mahali pa baridi mapema. Hospitalini, kwa sababu hiyo hiyo ya spora, vyombo vya upasuaji havichemshwi tu, bali hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo hadi nyuzi 121.

USHAURI KWA NYUMBA

Kwanza, chemsha maji ya kunywa, lakini usipoteze makaa. Watu wengi huacha maji yachemke dakika 20 kwa kudhani ndiyo kanuni. Si lazima. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika moja kamili, kisha epua. Kwa ndugu zetu wa milimani, walio juu zaidi ya mita 2,000, ambako maji huchemka kwa joto dogo zaidi, hesabu dakika 3. Hapo mama mwenye barua atapata nafuu ya makaa bila kupoteza afya.

Pili, yaache maji yapoe katika chombo kile kile kikiwa kimefunikwa. Usiyamimine katika ndoo iliyotoka ziwani, wala mtu asichovye mkono au kikombe kichafu. Maji yaliyochemshwa yanaweza kuchafuka tena kwa dakika moja.

Tatu, siku isiyo na makaa, litumie jua. Mwaka 1980 mtaalamu Aftim Acra wa Beirut alionyesha kwamba mwanga wa jua huua vijidudu vya maji yaliyo katika chombo kinachopitisha mwanga. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijaze maji maangavu, uilaze juu ya bati palipo na jua kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku mbili mfululizo. Maji yenye tope hayafai mpaka yachujwe. Mionzi inayoua vijidudu angani, kiasi kinachotufikia huku chini kinaweza kutufanyia kazi juu ya paa.

Nne, mtu akiharisha maji mengi kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mpe kinywaji cha chumvi na sukari huku mkimpeleka zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili, na anayerudishiwa maji mapema hupona kwa kawaida.

Tano, choo kisiwe karibu na maji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Rumonge, mji wa mawese, hauna udhuru wa kukosa sabuni.

Kwa mama aliyetuandikia tunasema: mwanao asikemewe kwa kuleta habari ya anga nyumbani. Ameleta habari ya kweli, na kuuliza ndio mwanzo wa elimu. Mwambie amalizie kazi aliyoianza: aende kwa jirani na gazeti hili, asome kwa sauti, kisha asaidie kuwasha jiko.

Hadi juma lijalo, tunawatakia afya njema.